Kongowea Haiponi kwa Kuambiwa "Pumzika"

Saa tisa za usiku, Mombasa ikiwa imelala fofofo, Kongowea huwa imeamka kitambo. Malori ya vitunguu na machungwa kutoka Tanzania, ya viazi na kabeji kutoka bara, ya nyanya kutoka Taveta na Loitoktok, yamejipanga yakishusha, na mahamali wanapenya katikati yake na magunia mgongoni wakipaza sauti watu wapishe. Mama wa rejareja aliyekuja na bodaboda kutoka Mtopanga anainama juu ya kreti ya nyanya. Za juu zimepangwa vizuri, ngumu, nyekundu. Za chini hazioni mpaka amelipa. Akiifikisha kreti kwenye meza yake na kuimwaga, ndipo atakapojua kama robo yake imebonyea, na kama faida ya leo imeoza kabla jua halijachomoza.

Mtu huyu ndiye anayeambiwa redioni na kwenye vijarida vya afya kwamba apunguze mawazo. Alale kwa saa nane. Afanye mazoezi. Ale matunda. Matunda anayo, tena kwa gunia.

Ushauri huo si wa uongo. Kasoro yake ni kwamba unamtwika mtu mmoja kazi ambayo nusu yake ni ya wengine: wanaomkopesha, wanaomtoza ushuru, wanaosimamia bima ya afya na wanaopanga zahanati ifunguliwe saa ngapi. Msongo wa mawazo unaodumu mwaka baada ya mwaka ni ugonjwa wa kutojua kesho itakuwaje, na Kongowea ni mahali ambapo hata saa mbili zijazo hazijulikani. Anayetaka kuwapunguzia watu wa soko hili presha aanzie hapo.

Mwendo mfupi kutoka sokoni pana Kengeleni, palipopewa jina na kengele ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875. Husimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa kuwatahadharisha wakazi pindi wafanyabiashara wa watumwa walipoonekana. Watu walikimbia, wakajificha au wakajihami, hatari ikapita, kengele ikanyamaza. Mwili wa binadamu una kengele ya namna hiyo. Ubongo ukiona hatari, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini, kisha kortisoli. Moyo hupiga mbio, mishipa hukaza, sukari hutolewa kwenye akiba na kuingizwa katika damu ili misuli ipate nguvu. Kazi zisizo za dharura, kama kusaga chakula na kuukarabati mwili, husimamishwa kwa muda.

Mtambo huo ni mzuri sana kwa mtu anayekimbizwa na nyati. Hans Selye, mtafiti aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alieleza mwaka 1936 jinsi wanyama wanaosumbuliwa kwa muda mrefu wanavyodhurika kwa namna ileile, bila kujali wanasumbuliwa na nini: vidonda vya tumbo, tezi za adrenali zilizovimba, kinga iliyosinyaa. Kengele isiponyamaza, kinachoumiza mwili ni kengele yenyewe. Presha inapanda na kukaa juu. Usingizi unakatika. Sukari inazidi, mafuta yanajikusanya tumboni, kumbukumbu inapungua, na mafua ya siku tatu yanachukua wiki mbili.

Lakini presha haitokani na mawazo peke yake. Chumvi imo, unene umo, umri umo, na kuna ukoo ambao kila mtu akifika miaka arobaini anaanza kumeza vidonge. Viazi karai na achari ya chumvi tele navyo vina sehemu yao. Hata hivyo, utafiti mkubwa wa mshtuko wa moyo uliofanywa katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta kwamba waliopatwa na mshtuko waliripoti zaidi misongo ya kazini, nyumbani na ya fedha kuliko wenzao wazima, na hali ilikuwa hivyo katika mabara yote. Nako Uingereza, uchunguzi wa watumishi wa serikali ulioanza mwaka 1967 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokuwa chini kwenye ngazi za ofisi ndivyo alivyokuwa hatarini zaidi kufa kwa maradhi ya moyo. Wote walikuwa na mshahara, na wote walikuwa na ofisi yenye paa. Kimojawapo cha vilivyowatofautisha ni nani anaamua na nani anaamuliwa.

Hapa Kenya ushahidi wenyewe ulichotwa kwa nyani. Robert Sapolsky, Mmarekani, alianza mwaka 1978 kuwafuata nyani wa Maasai Mara, akiwachoma sindano ya usingizi kwa mshale na kupima damu yao. Nyani wa chini, anayenyang'anywa chakula na kupigwa na kila mwenye hasira, alikuwa na kortisoli nyingi hata siku ambayo hakuguswa. Wenye marafiki wa kukaa nao na kuchambuana manyoya walikuwa na nafuu.

Kisha, katikati ya miaka ya 1980, jambo la ajabu likatokea. Kundi moja lilikuwa jirani na jalala la hoteli ya watalii. Madume wakali zaidi walikuwa wakienda huko kupigania mabaki, wakala nyama yenye kifua kikuu, wakafa. Walibaki majike na madume wapole. Fujo ikapungua kundini, na dalili za msongo kwa madume wa chini zikapungua pia. La kushangaza ni kwamba vijana wa kiume waliohamia baadaye kutoka makundi mengine waliikuta desturi hiyo ya upole na kuifuata; Sapolsky na mwenzake Lisa Share waliandika habari hizo mwaka 2004, miaka mingi baada ya madume wa kwanza kufa. Hakuna anayeombea kifua kikuu kiingie ofisi yoyote ya serikali, Mungu apishe mbali. Lakini funzo la Mara linamhusu kila mwenye kitabu cha risiti mkononi. Mwenye meza anayejua kiwango cha ushuru, siku ya kulipa na mahali pa kulalamika hulipa na kuendelea na kazi. Asiyejua kama leo kanjo, askari wa kaunti, watapita na kuondoa meza yake hukaa siku nzima shingo imekaza, hata kama hawakupita.

Deni nalo limebadilika. Zamani mkopeshaji alikuwa mtu wa mtaa, na ukitaka kumkwepa unazunguka uchochoro wa pili. Sasa yumo mfukoni. M-Shwari ilikuja mwaka 2012, Fuliza mwaka 2019, Hustler Fund mwishoni mwa 2022, na katikati yake zikamiminika programu za mikopo za kila jina. Mikopo hii imewasaidia wengi. Bila Fuliza kuna kreti zisingenunuliwa na watoto wasingepanda matatu kwenda shule. Lakini mkopo wa kulipwa kwa siku chache, kwa bidhaa inayooza kwa siku chache, hautoi nafasi ya kukosea hata mara moja. Kulikuwa pia na programu zilizowapigia mashemeji, wakwe na wateja wa mdaiwa kuwatangazia deni lake, hadi Benki Kuu ya Kenya ilipotoa kanuni mwaka 2022 za kuwakataza wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na kuwasumbua watu walio kwenye orodha ya simu ya mteja. Kwa moyo wa mtu, kanuni hiyo ni dawa, ingawa aliyeiandika huenda hakuwa akiwaza kuhusu presha hata kidogo.

Kuna majaribio mawili ya Kenya ambayo yangestahili kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi inayoshughulika na afya. La kwanza lilifanyika Rarieda, magharibi mwa nchi, kuanzia mwaka 2011, ambapo kaya maskini zilipewa fedha kwa M-Pesa bila masharti. Watu walikula vizuri zaidi, wakajenga, wakasema wana furaha zaidi. Lakini walipopimwa kortisoli, kwa wastani haikushuka. La pili lilifanyika Nairobi kwa mafundi wa jua kali, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Waliopewa bima ya afya ya bure walisema mawazo yamepungua, na kortisoli yao ikathibitisha maneno yao.

Majaribio mawili hayatoshi kujenga sheria, na wasomi wataendelea kubishana. Ila muuza nyanya anaielewa tofauti hiyo bila maabara. Shilingi elfu kumi za leo zina kazi leo. Kujua kwamba mtoto akianguka usiku kuna hospitali itakayompokea bila mzazi kuuza friji ni kitu kingine kabisa. Hicho ndicho kinachomfanya mtu alale.

Ndiyo maana mageuzi ya bima ya afya si hadithi ya watu wa tai huko Nairobi. SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 na hata hahisi siku ya kukatwa. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na mfumo ulitaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa anayepata mia nne leo na kupata hasara ya mia sita kesho, 3,600 ya pamoja ni mlima. Baadaye serikali ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, na hapo angalau mtu alikumbuka kwamba nchi ina watu wanaohesabu fedha kwa siku. Hatua inayofuata iwe kuilipa bima kama ushuru wa meza unavyolipwa, kidogo kidogo, kwa simu, bila fomu, na mwenye kulipa aonyeshwe papo hapo kwamba yumo. Bima ambayo mwenyewe hana hakika kama itakubaliwa dirishani inaongeza mawazo badala ya kuyapunguza.

Wakati hayo yakisubiriwa, watu wamejitafutia dawa zao, na mojawapo ni muguka. Hamali anayeshusha magunia ya kilo tisini usiku kucha hutafuna ili asisinzie. Majani hayo yana kathinoni, kichangamshi cha jamii ya amfetamini: hupandisha presha, huufanya moyo uende mbio na hufukuza usingizi ambao mwili unaudai. Mwezi Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, wakulima wa Embu wakapandwa na hasira, mahakama ikasimamisha marufuku na Rais akasema haina nguvu. Kelele zilikuwa nyingi kuhusu nani ana mamlaka. Swali la kwa nini kijana anatafuna lilipita pembeni. Kazi ya usiku bila zamu wala mahali pa kujilaza itatafuta kichangamshi tu. Muguka ukikosekana kuna vinywaji vya kopo vya kuchangamsha, navyo havina nafuu kubwa.

Usingizi, hakika, ndio sehemu ambayo mtu binafsi anaweza kuanzia hata mfuko ukiwa mtupu. Anayeamka saa nane usiku hawezi kulala saa nane mfululizo, basi alale mara mbili: usiku wa mapema, na tena mchana soko likipoa. Simu inayoleta ujumbe wa madeni isilale chini ya mto. Kahawa chungu ni tamu na ni ya kwetu, lakini kikombe cha alasiri humlipisha mnywaji usiku. Kupumua polepole, pumzi ikitoka kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia, dakika tano juu ya gunia la viazi, hupunguza kasi ya moyo kweli. Wanaodhani ni mchezo wa wazungu wakumbuke jinsi mtu anavyotulia akivuta uradi taratibu baada ya sala.

Na kuzungumza. Hapa wanawake wa soko wamewatangulia wanaume kwa mbali. Chama cha kuzungushana fedha huonekana kama benki ndogo, lakini siku ya kukutana mama mmoja akikosa kuja, wenzake humtafuta. Akija na uso umekunjamana, ataulizwa. Wanaume wana baraza na kahawa na kashata, na hapo Arsenal huchambuliwa, siasa za kaunti huchambuliwa, hata ndoa ya mtu mwingine huchambuliwa. Mwenye baraza akidaiwa hadi shingoni, wenzake watajua siku dalali atakapokuja kubeba viti.

Mazungumzo hayo yanaweza kupangwa yakawa tiba. Zimbabwe ilianza mwaka 2006, pale daktari Dixon Chibanda alipowafunza bibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa benchini na wagonjwa na kuwasikiliza kwa utaratibu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango umefika hata Zanzibar. Nairobi nako kulijaribiwa mpango wa Shirika la Afya Duniani, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Wanawake wa mitaa ya pembezoni, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, walikaa na wahudumu wa afya wa jamii kwa vikao vitano. Wahudumu hao hawakuwa madaktari wa akili. Walifundisha kupumua, kurudi kwenye shughuli zilizoachwa, kutafuta watu wa kuegemea, na kutenganisha tatizo linaloweza kushughulikiwa wiki hii na lisiloweza. Bei ya nyanya Taveta haiwezekani. Kukubaliana na mkopeshaji mmoja alipwe kila Ijumaa, badala ya kukimbia watatu kwa pamoja, inawezekana. Wanawake hao walipata nafuu zaidi ya wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Lakini kabla ya vikao kuna kipimo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani. Ukimuuliza mwenye meza kwa nini hapimi, jibu halikawii: "Nikapime nini, mwanangu? Nijitafutie la kuninyima usingizi?" Ni jibu la mtu mwenye akili aliyekwisha piga hesabu: kipimo ni bure, lakini habari yake ina gharama. Na presha ina hila, haiumi. Wengi humeza kidonge siku kichwa kinapogonga, wakaacha kikipoa, wengine wakagawana pakiti na jirani wa meza ya pili. Anayesomewa 170 kwa 105 akiwa anacheka na mteja anaona mashine ndiyo mbovu.

Mashine zenyewe zipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari. Wamegawiwa kaya, na kazi yao ni kubisha hodi nyumba kwa nyumba mchana. Nyumba ya muuza nyanya mchana ina kufuli. Yeye yuko Kongowea tangu usiku. Akirudi jioni, mhudumu naye amerudi kwake kupika.

Kuwapangia baadhi yao soko badala ya mtaa hakuhitaji sheria mpya wala mfadhili. Kunahitaji barua ya idara ya afya ya kaunti, meza mbili na kivuli karibu na lango la malori, na saa zinazofuata soko: kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wakati mizigo imeshashuka na wateja wa rejareja hawajajaa. Anayekutwa na presha apewe tarehe ya kurudi palepale, dawa zake zimfikie palepale kutoka zahanati iliyo karibu, na mwenye mawazo mazito awekwe kwenye kikundi cha vikao vitano kinachokutana siku ambazo malori ni machache. Wenye meza wanazijua siku hizo. Waulizwe kabla ratiba haijaandikwa.